Ukuta wa Wanaocheka

Waulize watu wazima wa mji ule siku waliyocheka kuliko zote, watakutajia sinema ya mwizi wa mkate. Inasemekana ilipoonyeshwa mara ya kwanza, mzee mmoja alicheka mpaka meno yake ya bandia yakamtoka, yakamng'ata shingoni mtu wa kiti cha mbele, na huyo aliyeng'atwa, kwa kucheka kwake, hakugundua mpaka alipokuwa anavua shati nyumbani. Lakini raha yenyewe haikuwa mwizi. Raha ilikuwa lile kundi lililomfukuza. Hawakuwa waigizaji wale. Ulikuwa mtaa mzima wa nyuma ya soko, wamevaa nguo zao nzuri, wameambiwa wakimbie na wacheke.

Kwa hiyo msanii mmoja alipoichukua sinema hiyo akaipeleka jumba la sanaa, foleni ilifika barabarani. Msanii huyo wafanyakazi walimwita Mkasi, maana kazi yake ilikuwa kukata sinema za watu na kuziunga anavyotaka yeye. Alikuwa mwembamba, mpole, na hakuwa na tabia ya kupepesa macho.

Katika chumba cha kwanza Mkasi alikuwa ameweka picha moja tu, kubwa, imefunika ukuta wote. Kundi limesimama duara, linatazama chini na kucheka. Kile wanachokitazama alikuwa amekiondoa. Chini ya ukuta kulikuwa na sahani ya chaki na maneno machache: ukimtambua mtu, andika jina lake. Chumba cha pili kilikuwa nyuma ya pazia jeusi. Humo ndimo alimokiweka kile alichokiondoa.

Kati ya vyumba hivyo viwili, juu ya kigoda, alikaa mlinzi, mwanamke wa makamo ambaye pale kazini kila mtu alimwita Shangazi. Toka maonyesho yafunguliwe alikuwa akiona jambo lile lile. Watu wanaingia kwa vicheko, "Tazama, mjomba huyo! Masikio yale yale!", wanaandika, wanapita pazia. Wakitoka, hakuna anayeongea. Bwana mmoja alirudi mbio na mate kidoleni, akataka kufuta jina la babu yake.

Shangazi alimwelewa vizuri sana. Upande wa kushoto wa ukuta, futi ya kupimia shingoni, mdomo wazi kwa kicheko, alisimama baba yake.

Baba alikuwa fundi cherehani. Nyumbani alikuwa mtu wa kumpisha kuku njiani na kumwomba radhi. Alipofariki, mama aliweka picha yake sebuleni, na kila asubuhi alimpa habari zote, bei ya mchele mpaka ndoa za majirani. Sasa, Shangazi alishaingia nyuma ya pazia mara moja, siku ya kwanza, na hakurudia. Vilikuwa vipande vya filamu vilivyotupwa sinema ile ilipokamilika. Mwizi ameanguka. Mkono wa mwongozaji unaonekana ukipungwa: basi, acheni. Kundi haliachi kumpiga. Na anayetoka mbele ya wenzake baada ya mkono kupungwa, akavuta mguu nyuma kama mtu anayetaka kupiga mpira, ni fundi mwenye futi shingoni.

Hakuna aliyekuwa amemwandika bado. Kila mtu aliposimama upande wa kushoto na chaki mkononi, Shangazi aliinuka kwenye kigoda. Na kilichomtisha zaidi ya chaki ni mama. Mama angekufa. Hivyo ndivyo alivyojiambia: akiingia humo, tutamtoa amebebwa.

Jioni moja mama akamkuta jikoni.

"Nasikia baba yako yuko kazini kwako na hukuniambia."

"Kumefungwa, mama. Wanapaka rangi."

"Rangi? Jirani katoka huko leo, mbona karudi na weusi wake ule ule?"

Kesho yake mchana mama akatokea. Gauni jipya, kitambaa kichwani, mkoba, na manukato yaliyomtangulia kama mjumbe. Mkata tiketi alishindwa kujizuia.

"Shikamoo, bibi. Umekuja kuangalia picha au kuposwa?"

"Marahaba. Nimekuja kwa mume wangu. Wewe kaa na vikaratasi vyako."

Alimwona mara moja. Akaushika ukuta kwa kiganja, kisha akachukua chaki na kuandika jina la mumewe kwa herufi kubwa, pamoja na "Fundi" mbele ili asichanganywe na mtu. Akaliendea pazia. Shangazi alikuwa ameshasimama mbele yake.

"Huko hamna kitu, mama."

"Kama hamna kitu unalinda nini?"

"Mama, nakuomba. Twende nikupeleke nyumbani."

"Nipishe, mwanangu. Sijamwona baba yako akitembea miaka mingapi?"

Akapita kwa ubavu, kama alivyozoea kupita sokoni.

Shangazi alibaki ameshika pazia, akingoja yowe. Halafu ikaja sauti ambayo hakuitegemea hata kidogo: kicheko. Chembamba, cha msichana.

Akaingia. Gizani mama alikuwa amekaa benchi ya mbele kabisa, uso umeangazwa na mwanga wa ukutani, machozi ya furaha mashavuni.

"Njoo uone. Anatembea. Tazama bega lile anavyolitupa. Na kile kiatu tulikichagua pamoja, kilimbana wiki nzima."

Ukutani kiatu kilirudi nyuma, kikaenda mbele.

"Mama," Shangazi alinong'ona. "Mwangalie yule aliyelala."

"Yupi?" Mama alikunja macho. "Aa, yule. Yule mwizi alikuwa wa kukodi, hakuwa wa mtaani."

"Aliamka?"

"Sijui. Tuliitwa kunywa soda." Kipande kikaanza upya, na baba akatokea tena, kijana, mzima, na mama akacheka tena kwa sauti.

Bwana mmoja aliyesimama kando akamgeukia. "Bibi, unacheka nini?"

"Mume wangu huyo, baba. Yule mwenye futi."

"Yule anayepiga?"

"Ndiye."

Bwana akatoa simu. Mwanamke wa pembeni akasema, "Huna haya wewe?" Mwingine akasema atolewe. Mwingine akasema hapana, aombe msamaha kwanza, tena kwa sauti, kila mtu asikie. Wakasogea. Waliokuwa wamekaa wakasimama, na waliokuwa chumba cha kwanza wakaja kuona kuna nini. Shangazi alisukumwa nyuma bila mtu kumtazama. Punde hakuona tena gauni, akabaki anaona kitambaa cha mama peke yake, katikati ya vichwa vinavyotazama chini. Mwanga wa ukutani uliwapiga usoni. Mmoja wao alikuwa ameshaanza kucheka.

Pembeni, mgongo ukutani, alisimama Mkasi na kamera yake. Ilikuwa inawaka taa nyekundu.

"Wazuie," Shangazi alimwambia. "Watakusikiliza wewe."

"Shangazi, waache kidogo," Mkasi alisema taratibu, jicho kwenye kamera. "Kidogo tu. Hii ndiyo yenyewe."

Kicheko cha mama kilikuwa kimekwisha. Ilisikika sauti yake moja, ndogo, "Jamani, mkoba wangu," kisha kitambaa kikashuka, hakikuonekana tena.

Shangazi aliingia kwa viwiko. Hakujua ana nguvu zile.

"Pisheni. Mama yangu huyo. Nasema ni mama yangu."

"Kumbe na wewe," mtu alisema karibu na sikio lake, na mkono ukamshika bega. Akaupangua. Mama alikuwa chini kati ya benchi na miguu ya watu, mkoba kifuani, akitazama juu kutoka uso mmoja hadi mwingine. Shangazi alimwinua kwapani, akampenyeza, akasukuma mlango wa dharura kwa mgongo, na jua likawapiga machoni.

Ulikuwa uchochoro wa nyuma, mapipa ya taka na ukuta mrefu. Kiatu kimoja cha mama kilibaki ndani. Alisimama na mguu mmoja mtupu.

"Walikuwa wanataka nini?"

Shangazi alijaribu kumfunga kitambaa.

"Aliniangalia," mama akasema. "Yule wa kukodi. Nilikuwa mbele pale, karibu na baba yako, akaniangalia mimi. Nilikuwa nimesahau kabisa kuwa aliniangalia."

"Twende, mama."

"Nilikuwa nacheka."

"Twende."

Nyuma yao mlango ulifunguliwa, kukasikika sauti za watu wengi kwa pamoja. Wao wawili hawakugeuka. Walianza kutembea, mama akichechemea, kisha wakaongeza mwendo, na uchochoro ule bado ulikuwa mrefu.