Kaptura ya Ketill

Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa kuwatazama wanaume wakioga. Cheka kwanza, nitasubiri. Bwawa letu la kuogelea lina maji ya moto yatokayo ardhini na hatuyatii dawa nyingi, kwa hiyo hakuna anayeingia kabla ya kuvua kila kitu na kujisugua kwa sabuni, ingawa watalii hujaribu kuoga na kaptura zao. Ukutani kuna picha ya mtu aliyepakwa rangi nyekundu pale pa kusugua: kichwani, makwapani, kinenani, miguuni. Mimi hukaa nyuma ya kioo na kuhakikisha.

Ipo na sheria nyingine isiyoandikwa popote. Unatazama kama mtu ameoga, ila mwili wake hukuuona. Makovu, vitambi, vilivyopinda na vilivyonyooka, vyote nimeviona na sijawahi kumtajia mtu chake. Nilijivunia sana jambo hilo, mjinga mimi.

Ketill alikuwa mtoto wa dada yangu Sigrun. Alikuwa na miaka ishirini na saba, dereva wa gari la kusukuma theluji, mcheshi kupita kiasi. Mimi sikujaliwa mtoto, na kila jioni alipopita bwawani akitoka kazini nilijiona na mimi nina wangu.

Oktoba moja alikuja na kaptura tayari mwilini, akasimama chini ya bomba la mvua akijipaka sabuni juu juu. Watu walikuwa wengi. Ningeweza kumwita pembeni. Badala yake nilitoka, nikapaza sauti wote wasikie.

"Ketill, tangu lini umekuwa mtalii? Vua hiyo."

Wanaume wakacheka. Bragi wa posta akadakia kwamba labda baridi imempunguza kijana.

"Mjomba, leo niache tu," Ketill alisema kwa sauti ya chini.

"Sheria haina mjomba."

Akavua. Korodani yake ya kushoto ilikuwa imevimba ukubwa wa kiazi, ya pili ikiwa vilevile kama siku zote. Hakugeukia ukutani. Alisimama akinitazama usoni. Nikaona, nikaona vizuri kabisa, kisha nikafanya ninavyofanya kwa kila mtu: nikainua macho mpaka kwenye ile picha.

"Haya, jisugue," nikamwambia, nikarudi kitini kwangu.

Usidhani sikufikiri. Nilijiambia ni henia, nikajiambia bila shaka ana daktari wake, nikajiambia nikimuuliza nitamwaibisha. Uongo mtupu. Mwenye aibu nilikuwa mimi. Majira yote ya baridi Ketill alikuja akavua bila kuambiwa, akaoga mbele ya macho yangu, na mimi nikamuuliza habari za barabara.

Aprili akaanza kukohoa damu. Sigrun alimpeleka hospitali ya mji mkuu, na wiki ile ile nikawafuata. Daktari wa upasuaji, mama mmoja mfupi asiyepamba maneno, alitueleza kwamba wameitoa korodani yote kwa kuchana kinenani, kazi isiyofika saa moja. Ugonjwa huu ukiwahiwa, alisema, karibu wote hupona, na mwanamume huendelea na mambo yake na kuzaa kwa ile moja iliyobaki. Ila wa Ketill ulikuwa umeshapanda tumboni, ukafika mapafuni na kwenye ubongo. Wangemtundikia dripu za dawa ya saratani, lakini hakutuahidi kitu.

Sigrun alimuuliza mwanawe, mbele yangu, kwa nini alikaa kimya muda wote huo. Ketill alinigeukia mimi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniua.

"Wewe mjomba unaona wanaume mia kila siku," alisema. "Siku ile niliogopa, halafu nikasema acha uone, wewe utajua. Ukaona, ukaniambia nijisugue. Nikajua basi, ni kawaida."

Nilitaka kumwomba radhi. Nikamuuliza kama anataka kahawa.

Tulimzika Septemba. Sigrun hajanirushia lawama hata siku moja, ila simu zake za Jumapili zilikoma.

Siku hizi nasema. Bragi ananiita daktari wa makende, na meneja amenionya mara mbili kwa sababu wageni wanalalamika. Na walalamike. Majira ya baridi yaliyopita alikuja dereva mmoja wa malori ya samaki, mtu nisiyemjua hata jina, nikaona uvimbe kama ule, mdogo zaidi. Nilimvuta pembeni.

"Kende lako hilo, kesho nenda kaangaliwe."

Alinitukana matusi ambayo sikuyajua, na mimi si mgeni wa matusi. Baada ya mwezi alirudi na kovu dogo kinenani na keki aliyoioka mkewe. Walikuwa wamewahi, hata dripu hakuhitaji. Alinishika mkono kwa muda mrefu, akasema maneno yangu ndiyo yaliyomwokoa.

Nilishukuru, nikarudi na keki yangu nyuma ya kioo, na sikuweza kuila. Maneno yenyewe nimeyahesabu, ni sita tu. Ketill siku ile nilimpa kumi na mawili, na hakuna hata moja lililomfaa.