Skuta Isiyopanda na Wawili

Skuta ya wifi yangu haikupanda mlima na watu wawili, na mwili wa kulaumiwa, bila shaka, ulikuwa wangu. "Shuka, gunia," aliniambia kila barabara ilipoanza kuinuka. Nashuka, navaa begi letu mgongoni, naning'iniza shingoni mnyororo wa kufungia skuta, napanda kwa miguu huku nikimtukana kimoyomoyo. Yeye ananisubiri juu.

Tulikuwa tumeshavuka mpaka mmoja, ukabaki mmoja, tukielekea kusini zaidi kwa mume wangu. Alianguka kutoka kwenye ghorofa alilokuwa akijenga, akalazwa na nyonga iliyovunjika. Wifi ni dada yake mkubwa. Husambaza mikate kwa skuta ile na haamini chombo chochote asichokiendesha mwenyewe. Basi la abiria kwake ni jeneza lenye madirisha. Nami sikukubali atangulie peke yake akamjaze mume wangu maneno. Hatukupendana, nisifiche. Tangu niolewe aliniita mke wa kuokota.

Mlima ule ulikuwa mrefu, mchana mweupe, uzio wa shamba upande mmoja na nyasi kavu upande wa pili. Nilikuwa nimekaribia juu niliposikia skuta ikianguka, injini ikinguruma yenyewe. Nikajitupa kwenye nyasi. Walikuwa wanaume wawili, mmoja na panga, mwenzake na rungu, na wifi alikuwa chini katikati yao.

"Mzigo uko wapi?" aliuliza mwenye rungu. "Mtu hasafiri mikono mitupu. Uko na nani?"

"Niko peke yangu!"

Akampiga mkononi. Nilisikia mfupa ukivunjika.

"Uko na nani?"

"Peke yangu!" Alipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. "Nimesema niko peke yangu!"

Mwenye panga akamkanyaga shingo. Damu ilinichemka. Mwanamke yule nimemwombea mabaya miaka nenda rudi, lakini mabaya yale yalikuwa yangu mimi kumtakia, hayakuwa ya wezi wa barabarani. Nikavua mnyororo shingoni, kufuli likining'inia mwishoni, nikatoka.

Kufuli lilimpata mwenye panga kwenye taya kabla hajageuka vizuri. Meno yakamtoka. Akarusha panga ovyo, likapasua begi na kunichana bega. Nikampiga tena, usoni, akaanguka. Mwenye rungu aliona mwili wote huu unamjia, damu inachuruzika, akaona heri aruke uzio. Seng'enge ikamchana paja. Akaacha pale kipande cha suruali na kipande cha nyama, akakimbia akipiga mayowe.

Sikumwacha aliyelala. Nilimpiga magoti, nikapiga mikono aliyoinua kujikinga, nikaendelea kupiga hata ilipoacha kuinuka. Na nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilitaka ainuke nianze upya. Wifi alitambaa akanishika mguu.

"Basi, wifi. Basi! Utaua."

Nikadondosha mnyororo, nikainama kumwinua. Akanizaba kibao kwa mkono uliobaki mzima.

"Mjinga wewe! Kichwa maji! Hukunisikia?"

"Nilikusikia. Uliwaambia uko peke yako."

"Wao? Nihangaike kuwaambia wao?" Alitema damu. "Nilikuwa nakuambia wewe! Ubaki huko huko chini, wakishanimaliza uende zako. Mdogo wangu amelala, kugeuka tu hawezi. Mmoja wetu lazima amfikie."

"Si ungefika wewe? Ungeniita, mimi nikawashika, wewe ukapanda skuta yako ukaondoka."

"Nikafanye nini?" Mkono uliovunjika alikuwa ameukumbatia kifuani. "Kila akipiga simu, salamu zangu mimi hazimalizi hata pumzi moja. Ni 'mke wangu yuko wapi, mke wangu kala, mke wangu anakuja lini.' Unafikiri sijui anamsubiri nani? Mimi nilikuwa nakupeleka wewe, gunia wee."

Nikaketi kwenye lami kando yake nikalia kwa sauti, na pembeni yetu yule mwanamume alikuwa bado anakoroma ndani ya damu yake.