Nyuma ya Duka la Dawa

Wiki ya sita ya kukimbia kilomita mia na sitini kwa wiki, Marieta alikuwa anashuka kitandani kama bibi kizee. Kocha Patriki aliwaambia mapema kwamba umbali ule hujenga pumzi, ila kwanza hubomoa. Marieta aliona kubomolewa tu. Lakini Judica, mke wa mtu kutoka kijiji cha Gitting aliyejiunga na kundi lao la mbio mjini Katesh baada ya Krismasi, kila siku alizidi kuwa mwepesi.

Marieta akaanza kumchunguza. Baada ya mazoezi ya asubuhi, Judica harudi kwake. Anazunguka nyuma ya duka la dawa la Samira, anagonga mara mbili, anaingia. Saa nane mchana anatoka mpya kabisa, anakimbia awamu ya pili hadi kwao Gitting.

Siku tatu Marieta alijibanza kwenye kibanda cha chipsi akitazama mlango ule. Siku ya nne akauliza.

"Kwa Samira unafanya nini?"

"Napumzika," Judica akajibu, macho chini.

Apumzike kwenye dawa? Marieta akaenda moja kwa moja kwa kocha. "Judica anachomwa sindano. Mimi nimeona."

Hakuwa ameona sindano yoyote. Patriki akaondoka naye, wakaenda wote wawili wakagonga. Samira alifungua akawapisha. Ndani, juu ya mkeka, Judica alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, miguu juu ya katoni tupu.

"Kwake hawezi kulala mchana," Samira alisema kwa sauti ya chini. "Akikaa tu, anaitwa. Mtu mkimkimbiza hivyo bila usingizi, mtamzika."

Patriki akamgeukia Marieta. "Wewe mchana unafanya nini?"

"Nachati," Marieta akasema.

Kosa lingeishia pale, ila Marieta alikuwa ameshawaambia wenzake wawili. Ndani ya siku mbili maneno yalifika Gitting: mkamwana wa Philomena hushinda amejifungia nyuma ya duka. Philomena, mama mkwe wa Judica, hakutaka maelezo. Kuanzia siku hiyo, Judica akimaliza asubuhi, jembe linamngoja. Baada ya wiki mbili alikuwa wa mwisho kundini. Siku moja alisimama katikati ya kilima, ameshika magoti.

"Nimeisha, dada," alimwambia Marieta. Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomchoma Marieta.

Jumamosi Marieta akabeba jembe, akapanda Gitting.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Marieta. Maneno yale niliyaanzisha mimi, na ni uongo. Nimekuja kupalilia mahindi, Judica alale."

Philomena alimkagua kuanzia viatu hadi kichwani. "Nani kakutuma?"

"Hakuna, mama."

"Mtu hapalilii shamba la mwenzake bure."

"Si bure. Nilimharibia."

Philomena alivuta kigoda akakaa mwisho wa shamba, akamfuata kwa macho mstari kwa mstari, kama mtu anayesubiri mwizi akosee. Mlango wa Judica ulikuwa umefungwa. Hakuna aliyemwita.

Mchana Philomena akainuka, akakagua mashina ya mahindi.

"Jumanne uje tena," alisema. "Nione kama ni kweli."