Mzungu Asiyekufa wa Picha za Jamiru

Nyinyi mnaopeleka watoto sinema ili mpate nafasi ya kumaliza mambo yenu, sikieni yaliyompata Anyait wa Malaba.

Miaka hiyo ya sabini, Jamiru, mfanyabiashara wa Busia, alikuwa akija Malaba kila Jumamosi mchana na mashine yake. Anaziba madirisha ya ghala la pamba kwa magunia, anaonyesha picha za kutisha. Si zile za makampuni makubwa; hizo zilibaki Nairobi. Zake zilitoka kwa kampuni moja ndogo ya Uingereza ambayo haikuwa na kitu. Katika picha hizo nyumba ni ile ile, leo ina mapazia mekundu, wiki ijayo ya kijani. Watu nao ni wale wale. Mzungu mmoja mrefu, mashavu yameingia ndani, Jumamosi hii anachomwa kigingi kifuani, Jumamosi nyingine yuko mezani anakula kuku.

Kiingereza chao hakikusikika vizuri, kwa hiyo Jamiru alisimama kando ya kitambaa cha kuonyeshea picha akieleza kwa Kiswahili. Mzungu akitokea, anapaza sauti:

"Watu wa Malaba! Si huyu tulizika juzi?"

"Ni yeye!" watoto wanaitikia.

"Nani alisema amekufa?"

"Si ni wewe!"

"Basi nilidanganywa, jamani! Huyu hafi, anabadilisha koti tu!"

Akol, binti ya Anyait, alikuwa akicheka kushinda wote.

Babake Akol, Okiror, aliendesha lori la chumvi mpaka Tororo. Ng'ambo ya mpaka, huko Uganda, kulikuwa kubaya wakati huo. Siku moja alisimamishwa kwenye kizuizi cha askari, akashushwa. Dereva mwenzake, Oluka, ndiye aliyemrudisha, maiti, amefungwa kwa turubai.

Anyait hakulia. Alipika chai ya waombolezaji, akaosha vikombe, akapika nyingine. Walipomzika kijijini kwao Moding, mama mkwe wake, Ikapel, alitazama huku na huku.

"Mtoto ako wapi?"

"Nimemwacha Malaba na Hadijah, yule jirani. Anampeleka picha."

"Picha! Leo?"

"Mama, sitaki amwone babake vile alivyo."

Mama mkwe akageukia kaburi.

Anyait aliporudi Malaba alimwambia Akol, "Baba amekufa." Akol akasema, "Sawa," akaendelea na ugali wake. Anyait akashukuru moyoni kwamba mtoto ni mwepesi kuelewa. Hapo ndipo alipokosea.

Wiki mbili tatu zikapita. Asubuhi moja, Anyait akiwa sokoni na mboga zake, mwalimu akamtumia habari kwamba Akol hajafika shule. Anyait aliacha mboga pale pale, akaenda barabara ya mpakani, ile aliyokuwa akipita Okiror. Hakuona hofu wala nini. Miguu tu ndiyo ilikuwa inakwenda.

Malori yalikuwa yamepanga foleni ya kuingia Uganda. Ndani ya lori la Oluka, kwenye kiti cha mbele, Akol alikuwa amekaa na nguo zake za shule.

"Mama Akol!" Oluka alishtuka. "Huyu anasema umemtuma Tororo achukue koti ya marehemu."

"Sijamtuma."

"Aki ya Mungu, angekuwa amevuka. Imebaki gari mbili mbele yangu."

Anyait akafungua mlango. "Shuka."

"Naenda kuita baba," Akol alisema. "Anakaa sana. Mzungu wa Jamiru hakai hivyo, anarudi Jumamosi."

"Baba alikufa, Akol."

"Hata mzungu alikufa. Wewe uliona?"

"Niliona. Nilimwosha na mikono yangu. Alikuwa na shimo hapa, chini ya sikio. Alikuwa baridi. Nilimwita kwa jina, hakuitika."

Akol akamgeukia Oluka. "Ni ukweli, mzee?"

Oluka alishika usukani kwa mikono miwili. "Mimi ndiye nilimbeba, mtoto yangu."

Gari la mbele likasonga. Wa nyuma akapiga honi. Akol akashuka pole pole, akatanguliza mguu mmoja kwenye ngazi, kisha mwingine, na Oluka akawasha injini.

Njia nzima Anyait alingoja mtoto alie. Alitaka ajitupe chini, agaegae, apige kelele kama watoto wa watu. Akol alitembea tu, uso umefungwa. Anyait alipomtazama aliona ni uso wake yeye mwenyewe, ule wa kumiminia waombolezaji chai.