Joto la Stoo ya Nyuma

Mukandekezi alikuwa akimenya ndizi kwa mkono mmoja. Aliibana ndizi kwa vidole vya mguu, akapitisha kisu toka juu hadi chini, akaigeuza, akapitisha tena. Utomvu ulikuwa umemganda mpaka kifundoni. Mkono wa kulia uliishia kwenye kiwiko.

"Lete nikusaidie," alisema mumewe, Anastazi.

"Nisaidie kwa Rwegoshora. Ndizi naziweza."

Rwegoshora alikuwa meneja wa kiwanda cha kukoboa kahawa, nje kidogo ya Nyaishozi. Anastazi alikuwa fundi wake wa umeme. Mukandekezi alichambua kahawa palepale, hadi siku mkanda wa mashine ulipomla mkono. Mkanda ulikuwa umesimama, kahawa imekwama, naye akaingiza mkono kuitoa kama walivyofanya wanawake wote. Mashine ikaanza yenyewe.

Hapakuwa na mkono wa mchawi. Mota ya mkanda iliongozwa na draivu, kisanduku cha chuma cha kupunguza na kuongeza mwendo, kilicholetwa na wafadhili. Kikipata joto kupita kiasi kiliizima mota ili kisiungue, na kilitakiwa kubaki kimezima mpaka fundi aje kuona kuna nini. Lakini msimu ule kilizima kila mara, na Rwegoshora hakupenda kusubiri. Alimleta fundi kutoka Bukoba akakipanga kijiwashe chenyewe kila kikipoa. Anastazi alipopinga, aliambiwa kwamba kama kazi imemshinda, Wanyarwanda wanaotafuta kazi wamejaa barabarani. Na baada ya ajali Rwegoshora aliwatangazia wafanyakazi kwamba yule mama alikuwa amelewa rubisi, pombe ya ndizi. Mukandekezi hakuwahi kuonja rubisi maishani mwake.

"Sitaki pole yake," alisema sasa, akiitupa ndizi kwenye sufuria. "Nataka asimame mbele za watu, wamwone alivyo, akose pa kuficha uso."

Anastazi alitaka hayohayo, na njia alikuwa nayo. Alikuwa amelitafuta lile joto kwa hasira, kitu kimoja baada ya kingine. Feni ya draivu ilizunguka vizuri. Mota haikuelemewa, beringi zake zilikuwa laini, nyaya zilikuwa zimekazwa. Kilichobaki ni mgongo wa draivu, yale mapezi ya chuma ya kupozea, yaliyopenya ukuta na kutokea stoo ya nyuma. Stoo ile ilitakiwa kuwa tupu ili hewa ipite. Ilikuwa na kufuli, na ufunguo alikaa nao Rwegoshora. Anastazi alisogeza pua kwenye upenyo wa ukuta, akanusa kahawa iliyopashwa moto.

Kahawa ya kufichwa nyuma ya kufuli, kila mtu Karagwe alijua inakokwenda. Ilivushwa Uganda kwa magendo, kupitia mpaka wa Murongo. Magunia yalikuwa yameziba mapezi, draivu likakosa pumzi, na mke wake akakosa mkono.

Hakumwambia mtu. Alimsubiri Telesfori, mkaguzi kutoka makao makuu. Siku mkaguzi alipokuja, Anastazi aliondoa ule mpango wa kujiwasha, akamwambia Mukandekezi avae kitenge cha kanisani aje asimame getini.

Mkanda ulisimama Telesfori na Rwegoshora wakiwa mbele yake.

"Shikamoo mzee," Anastazi alimwambia Telesfori.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Washa mashine, wewe!" alifoka Rwegoshora.

"Nikiwasha itazima tena. Joto linatoka nyuma ya ukuta. Mzee, weka mkono hapa."

Telesfori aliweka kiganja, akakiondoa upesi. "Huko nyuma kuna nini?"

"Stoo tupu," alisema Rwegoshora.

"Basi ifunguliwe tuone!" Anastazi alipaza sauti makusudi, na wanawake wakaacha kuchambua, wakaja. Rwegoshora aliingiza ufunguo usio wenyewe, akauchomoa, akajaribu mwingine. Anastazi alimtazama akihangaika hivyo akaona raha, raha tamu kabisa, wala hakuionea haya. Mlango ukafunguka. Magunia yalipangwa mpaka darini, na yaliyogusa mapezi yalikuwa yamebabuka. Kule getini Mukandekezi alicheka kwa sauti.

Telesfori aliyahesabu magunia kwa kidole. Kisha alimvuta Rwegoshora pembeni, wakanong'onezana Kihaya. Waliporudi, Rwegoshora alikuwa akitabasamu.

"Chumba cha umeme kiko chini ya nani?" aliuliza Telesfori.

"Chini yangu mzee, lakini stoo..."

"Baba yako alizaliwa wapi?"

"Rwanda. Mimi nimezaliwa hapa, nikabatizwa hapa."

"Nimeuliza baba yako." Mkaguzi akawageukia watu. "Mmeona wenyewe. Tunawapa ardhi, wao wanatorosha kahawa yetu."

Costansia, aliyekuwa akichambua meza moja na Mukandekezi, alifungua kinywa. Rwegoshora akamtazama tu, naye akakifunga.

Mgambo wa kiwanda walimfunga Anastazi mikono kwa kamba. Lori likarudi kinyumenyume hadi mlangoni, magunia yakapakiwa, eti ni ushahidi. Stoo ilipobaki tupu, Rwegoshora aliwasha mashine kwa mkono wake. Mkanda ukaenda, ukaendelea kwenda.

"Asante fundi, imepona," alisema. "Kesho namwita yule wa Bukoba aturudishie ile ya kujiwasha."

Mukandekezi alilikimbilia lori akashika bodi ya nyuma. Mkono mmoja haukutosha. Alianguka kwenye vumbi na kitenge chake cha kanisani, akanyanyuka akitukana kwa Kinyarwanda.

Anastazi alipanda juu ya magunia na mgambo mmoja. Walipofika Omurushaka aliona lori likiiacha barabara ya Kayanga na kushika ya Isingiro, ile inayokwenda mpaka Murongo.

"Polisi ni kule," alisema, akionyesha kwa kidevu.

"Nani kakwambia tunakwenda polisi?"

"Na ushahidi?"

"Una mnunuzi." Mgambo alijinyoosha juu ya magunia. "Wewe unarudishwa kwenu."

"Kwetu ni Nyaishozi."

"Rwanda au Uganda, yote ni ng'ambo. Mtavuka mto pamoja, wewe na kahawa," alisema mgambo, akashusha kofia usoni.

Anastazi alimsubiri mpaka akaanza kukoroma. Kisha aliinama akaanza kuitafuna kamba. Hakuwa anawaza kutoroka. Alikuwa anaiwaza Nyaishozi, na shingo ya Rwegoshora.