Kuivua Simu

Kabla ya kuchora uso wa mtu, Luhende alianza na kazi aliyoiita kuivua simu. Wateja walimletea picha za simu katika banda lake mbele ya nyumba yake pale Kirumba, jirani na soko la samaki, nyuso zote nyororo kama sahani. Yeye alirudisha polepole alichoona kimeondolewa: weusi wa ngozi, mikunjo, kovu la utotoni. "Simu inapaka poda," aliwaambia. "Mimi napangusa." Wengi walicheka na kuondoka wameridhika.

Safari hii alikuwa akimchora binti yake mwenyewe. Odeta, mwalimu wa shule ya msingi kisiwani Ukara, alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa figo, na arobaini yake ilikuwa imekaribia. Mama yake, Teodora, alitaka kitu kimoja tu: picha ya kutundika sebuleni, ndugu wakija wamkute mtoto wao.

Picha ya mwisho Odeta aliyowatumia ilimwonyesha amesimama mlangoni kwake, mashavu yamejaa, ngozi imefifia kama chai iliyozidi maziwa. Luhende aliigawa kwa miraba kama ilivyo kawaida yake, akahamisha mraba mmoja mmoja kwenye kitambaa. Kisha akaivua simu. Alipunguza mashavu. Alikoleza weusi, ule ambao Odeta alirithi kwa bibi yake wa Magu. Asubuhi alipomaliza, Teodora alisimama mbele ya picha, akaziba mdomo kwa khanga. "Ndiye," alisema. Siku hiyo alikula bila kubembelezwa.

Jioni akafika Precious, mwalimu aliyekuwa akiishi nyumba moja na Odeta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Njoo umwone mwenzio."

Precious aliitazama picha kwa muda. "Umemchora vizuri, baba. Ndivyo alivyokuwa tulipoanza kazi."

"Mlipoanza? Mbona nimetumia hii ya juzijuzi?" Luhende alimwonyesha. "Ila simu ilikuwa imemharibu, imemfanya mzungu aliyenona. Ikabidi nimtengeneze."

"Hiyo niliipiga mimi."

"Basi simu yako ina poda nyingi."

"Simu yangu?" Precious aliitoa mkobani. Kioo kilikuwa kimepasuka, mgongo umefungwa kwa mpira. "Hii, baba, mtu akitokea na kichwa chake tunashukuru." Alitabasamu, kisha tabasamu likaisha. "Alikuwa hivyohivyo. Alikuwa amevimba. Alisema hawezi kuwaambia kwa mdomo, mtapata presha. Akasema, baba anazijua nyuso za watu, akiiona tu ataelewa."

Luhende aliketi juu ya ndoo ya rangi.

Alikumbuka alivyomjibu Odeta alipoituma. Alimwandikia: mwanangu, hiyo simu inakudanganya, nitumie ile sura niliyokuzaa nayo. Odeta akarudisha vikatuni vya kucheka na neno moja, sawa. Hakutuma picha nyingine. Hata siku ya kumuaga, Luhende aliuona uvimbe ule kwenye jeneza, akadhani ni kazi ya mauti.

Precious alipoingia ndani kumsalimia Teodora, Luhende alichanganya nyeupe na njano kidogo, akaanza na mashavu. Mraba kwa mraba alirudisha alichokuwa amekipangusa: uvimbe chini ya macho, midomo isiyo na damu. Kadiri alivyopaka ndivyo binti yake alivyozidi kuumwa mbele yake, naye hakuwa na pa kumpeleka.

Teodora alikuja kumwita ale.

"Unamfanya nini mwanangu?"

"Ndivyo alivyokuwa, mama Odeta. Simu haikuongeza kitu. Alituma ile picha ili tumwone anaumwa."

"Nirudishie yule wa asubuhi."

"Yule nilimtunga mimi."

Teodora akasogea. Aligusa shavu kwenye kitambaa, na rangi mbichi ikabaki kidoleni. Hakuifuta.

"Kumbe ulikuwa unaumwa hivi, mama," alimwambia binti yake. "Na mimi nikaionyesha hiyo picha kwa majirani wote. Nikawaambia kisiwa kimekupenda, umenenepa."