Maji Yaliyoanzia Mkiani

Alhamisi asubuhi, katika ofisi ya skimu ya umwagiliaji pale Rujewa, Tumpe alijaribu mara kumi na tisa kuikompaili programu ya milango ya maji, yaani kuigeuza iwe lugha ya mashine. Mara zote kumi na tisa kompyuta ilimjibu kwamba haiioni amri ya kufungua lango. Amri ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya laibrari, mkusanyiko wa amri zilizo tayari, aliyoiandika marehemu Sosthenes, mtaalamu wa kompyuta aliyemtangulia, na laibrari yenyewe ilikuwa palepale kwenye folda, imetulia, haina ugomvi na mtu. Kilichogoma ni kuiunganisha na programu.

Bila programu hakuna lango lililofunguka, na zamu ya watu wa mkiani mwa mfereji ilikuwa inaisha jioni ile. Mkiani, kule Ubaruku, ndiko lilikokuwa jaruba la mama yake, Apolonia, na mpunga ulikuwa umeshaanza kuwa wa njano kwa kiu. Tumpe alitamani kulia.

Saa nne, chai ilipoletwa, Sosthenes akaingia. Alikuwa na miaka miwili tangu azikwe, na miguuni alikuwa na tope bichi. Karani Kalinga alimsogezea daftari la wageni. Kwenye safu ya madhumuni marehemu akaandika "kikazi", akamiminiwa chai.

"Shikamoo, mzee. Laibrari yako inanikatalia."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione ulivyoiunganisha na programu."

Akausoma mstari wa kuunganisha, akacheka mpaka chai ikamwagikia sahani.

"Umezipanga kama mtu wa mfereji! Chanzo kwanza, shamba baadaye. Ndivyo tulivyokua: wa juu anywe, wa chini asubiri. Sasa hii mashine inasoma kuanzia kushoto. Ikikuta laibrari kabla hajatokea mwenye shida, inaona haina kazi, inaiacha. Mtangulize anayeomba, ndiyo programu yako. Anayetoa akae nyuma."

Tumpe alilitoa jina la laibrari mwanzo wa mstari, akaliweka mwisho. Mara ya ishirini ikapita bila kosa hata moja. Alirusha mikono juu na kupiga ukelele uliowatoa wahasibu ofisini mwao. Sosthenes alimalizia chai yake, akaaga.

Milango ikafunguka, na maji yakafuata mpangilio uleule. Simu ikaita.

"Tumpe, maji yameanzia kwangu," alisema Apolonia. "Sasa yanarudi juu."

"Yamekutosha?"

"Yako magotini!"

"Basi yaache yapande, mama."

Apolonia alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Maji yalipanda jaruba kwa jaruba, Ijumaa kutwa, na Jumamosi yakafika kwa mwenyekiti wa kamati ya skimu, Saulo, ambaye shamba lake liko jirani na banio, pale maji yanapoingizwa mferejini kutoka mtoni. Hilo lilikuwa shamba la mwisho.

Jumatatu kamati ilikaa. Kwenye muhtasari iliandikwa kwamba maji yalipatikana na wajumbe walishukuru. Ratiba ya msimu ujao ikapitishwa kama ilivyokuwa: mwenyekiti siku tatu, tena za kwanza; mkiani alasiri moja. Apolonia alinyoosha mkono. Akaambiwa watu wa mkiani watasema mwisho, muda ukibaki.

Muda haukubaki. Apolonia alikunja kanga yake akaondoka kabla ya sala ya kufunga kikao, kwa mwendo wa haraka, maana mpunga wake ulikuwa umebeba masuke na ndege walikuwa wameshaujua.